Kwa nini Odysseus anazungumza na ghadhabu yake?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma Kigiriki cha Agano Jipya chuoni kwa miaka 2. Likizo hii nimeanza kuisoma Iliad, utenzi wa kale wa Homer juu ya vita vya Wagiriki na watu wa Troy, kwa kujikongoja na kamusi mkononi. Kinachonichanganya si sarufi, ni maneno ninayoyajua. Phobos, ambalo kwangu ni hofu, halikai vizuri kwenye sentensi. Thumos, ambalo katika Wakolosai 3:8 ni ghadhabu, kwa Homer linasemeshwa kama mtu. Je, Wagiriki walibadilisha maana za maneno haya? Lini, na kwa nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeshika jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kulitambua. Neno usilolijua halikupotezi, maana ukikutana nalo unasimama na kufungua kamusi. Linalopoteza ni lile unalolijua. Unalipita kwa kujiamini, unalivisha maana uliyoizoea, na sentensi nzima inakwenda upande bila wewe kuhisi lolote. Wewe umehisi, na hapo ndipo usomaji wa kweli unapoanzia.

Ndiyo, maana zilibadilika, na si kidogo. Kati ya Iliad, ambayo wataalamu wengi huiweka karne ya 8 KK, na barua za Paulo kuna takriban miaka 800. Upime umbali huo kwa Kiswahili chetu. Kitenzi -cha kilikuwa neno la kuogopa. Leo hakuna anayesema "namcha mbwa". Kitenzi kimehamia msikitini na kanisani: mcha Mungu, uchaji, kicho. Nje ya ibada kimebaki kwenye methali, "mchelea mwana kulia hulia yeye", na katika kauli ya mtu mwenye adabu anayeanza kwa kusema "nachelea kusema". Vijana wengi wanaoitaja methali hiyo hudhani mchelea ni mtu anayedekeza, kwa sababu hawaisikii tena hofu iliyomo ndani yake. Hofu haikuondoka duniani. Neno ndilo lililohama. Kigiriki nacho kina habari nyingi za namna hii, na kwa bahati yetu zimeandikwa, kwa hiyo tunaweza kuzifuata hatua kwa hatua.

Tuanze na mahali ambapo maneno yako yote mawili yanakutana. Fungua kitabu cha 11 cha Iliad, mstari wa 401. Vita imewaelemea Wagiriki. Agamemnon, jemadari wao mkuu, ameshajeruhiwa na kuondoka. Diomedes, bingwa wao mwingine, amepigwa mshale mguuni na Paris wa Troy, naye amepanda gari lake la farasi akarudi kwenye majahazi. Odysseus, naye shujaa wa Wagiriki, anageuka na kujikuta hana mtu ubavuni. Nitakupa mistari hiyo kwa Kiswahili, lakini maneno kadhaa nitayaacha yalivyo, niyavishe viambishi vyetu tu (Waargos na Wadanai ni majina ambayo Homer anawaita Wagiriki):

"Akabaki peke yake Odysseus, bingwa wa mkuki, wala hakuna Mwargos aliyekaa naye, kwa kuwa phobos imewashika wote. Akafadhaika, akauambia thumos wake mkuu: Ole wangu, yatanipata nini? Ni ubaya mkubwa nikiphebomai kwa kuutarbeo umati. Lakini baya zaidi nikikamatwa peke yangu, maana Wadanai wengine mwana wa Kronos amewaphobesha. Lakini kwa nini thumos wangu philos unajadiliana nami haya?"

Sasa weka "hofu" mahali pa phobos. Mstari wa kwanza unakubali: hofu imewashika wote. Ndiyo maana mtego huu ni mbaya, kwani unakuruhusu uingie. Endelea hadi kwenye phebomai, kitenzi cha shina lilelile: "ni ubaya mkubwa nikiogopa kwa kuuogopa umati." Hapo sentensi imevunjika. Kuogopa kumeshasemwa na tarbeo. Phebomai ni kitu kingine, ni kutimua mbio. "Ni ubaya mkubwa nikikimbia kwa kuuogopa umati." Na Zeus, mwana wa Kronos, hakuwatia hofu wale wengine tu, amewakimbiza. Ukirudi mstari wa kwanza unaona kwamba phobos iliyowashika wote haiko moyoni. Iko miguuni. Ni jeshi kugeuza mgongo.

Kwa Homer, basi, phobos kimsingi ni mbio za kushindwa, na hofu yenyewe ina maneno mengine, hasa deos. Wala hili si ugunduzi wa maprofesa wa leo. Aristarchus, msomi wa Alexandria wa karne ya 2 KK aliyetumia maisha yake kuhariri na kufafanua Homer, aliwaonya wasomaji wa zama zake jambo hilihili. Lifikirie hilo. Watu waliozaliwa ndani ya Kigiriki, wanaokiota usiku, walihitaji kuambiwa na mwalimu kwamba phobos ya Homer si phobos yao. Kwa hiyo usijione mgeni sana.

Neno lilisafirije kutoka miguuni hadi moyoni? Fikiria mtu aliyesimama mbali akitazama mapigano. Anachokiona ni migongo, vumbi, na ngao zilizotupwa. Kilichomo ndani ya vifua hakioni, anakikisia. Neno linalotaja kile kinachoonekana huanza kubeba na kile kinachokisiwa, na likishatumika hivyo vya kutosha, mzigo unageuka kuwa ndio neno lenyewe. Kufikia karne ya 5 KK, kwa waandishi wa tamthilia na wa historia, phobos ni hofu ya kawaida, ya mtu aliyekaa kitako nyumbani kwake, wala hakuna anayekimbia. Deos nalo lilikuwa bado hai, na watu wakaanza kuuliza tofauti yao ni nini. Katika Protagoras, mjadala ulioandikwa na mwanafalsafa Plato, mwalimu wake Socrates anasema hofu ni kutazamia baya linalokuja, uite phobos au deos. Prodicus, aliyesifika kwa kutenganisha maneno yanayofanana, anapinga: hiyo ni deos, si phobos. Socrates anajibu kwamba haidhuru, na wanaendelea. Mimi hapo huwa upande wa Prodicus. Sikio lake lilikuwa bado linasikia kitu ambacho wenzake walikuwa wameacha kukisikia.

(Kama umewahi kusikia kwamba miezi miwili ya sayari ya Mars inaitwa Phobos na Deimos, asili yake ni hapa. Asaph Hall aliigundua mwaka 1877, ikapewa majina ya hao wawili wanaoandamana na Ares, mungu wa vita, katika Iliad. Ukiyasoma kwa sikio la Homer, mmoja ni kitisho na mwingine ni jeshi kutawanyika.)

Tuje kwenye thumos, ambalo ndilo swali lako gumu. Kwa asili ni ndugu wa neno la Kisanskriti na la Kilatini yanayomaanisha moshi. Kwa Homer thumos hukaa kifuani. Huvimba. Mtu akizimia humtoka, akizinduka humrudia. Kwa thumos mtu hutamani kula na kunywa, hupenda, hukasirika, huwaza na kukata shauri. Kamusi yako inakupa orodha ya pumzi, uhai, moyo, ari, tamaa, hasira, na wewe unachanganyikiwa kwa sababu unadhani lazima uchague moja. Usichague haraka. Kiswahili kina neno linalofanya kazi karibu na hiyo, nalo ni roho. Mtu akikabwa roho, roho ni koo na pumzi. Akiwa roho juu, ni wasiwasi. Akisema "roho yangu inakataa," ni shauri alilolikata bila kujua sababu zake. Akiwa na roho mbaya, ni tabia. Hakuna Mswahili anayetaabika na jambo hilo, kwa sababu hatuzichukui kama maana nne. Tunaona kitu kimoja kinachotembea kati ya pumzi na nia.

Kwa hiyo Odysseus hazungumzi na ghadhabu yake. Anasemezana na roho yake, na roho ndiyo iliyoanza kujadiliana naye. Msomaji wa mashairi yetu ya kale hatashangaa: katika Al-Inkishafi mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe na kuukemea. Angalia pia kile kivumishi, philos. Wewe unakijua kama "rafiki, mpendwa". Kwa Homer kinabandikwa kwenye mikono, magoti na moyo wa mtu mwenyewe, na mara nyingi maana yake inaelea kati ya "mpendwa" na "wangu mwenyewe". Roho yangu hii, iliyo yangu.

Hapa lazima nikutahadharishe na kitabu utakachokutana nacho ukiendelea. Bruno Snell, Mjerumani, alichapisha mwaka 1946 utafiti maarufu ambamo alidai kwamba mtu wa Homer hana nafsi moja: ana thumos, ana noos (akili), ana psyche (uhai), kama vyombo mbalimbali, na kwamba kuamua kwa hakika bado hajui. Ni kitabu kizuri, nilikisoma kwa hamu, na nadhani kimekosea mahali penyewe panapohusika. Kutokuwa na neno moja la nafsi si kutokuwa na nafsi. Odysseus pale ana hofu, ana aibu, anapima mabaya mawili, kisha anasema anajua kwamba waoga ndio wanaoondoka vitani na anayetaka kuwa bora sharti asimame, naye anasimama. Kama huko si kuamua, sijui kuamua ni kupi. Bernard Williams alimjibu Snell kwa kirefu mwaka 1993 katika utafiti wake juu ya aibu, na mimi nasimama na Williams. Nakusisitizia hili kwa sababu mtu akishajua kwamba maneno ya hisia yalibadilika, kishawishi kinachofuata ni kudhani kwamba hisia zenyewe hazikuwapo.

Baada ya Homer, thumos ilipungua upana. Shughuli za kuwaza zilichukuliwa na maneno mengine, na thumos ikabaki na ule upande wa joto. Mwaka 431 KK Euripides, mtunzi wa tamthilia, anamleta jukwaani Medea, mwanamke aliyeachwa na mumewe Jason, akiwa karibu kuwaua watoto wake mwenyewe. Anasema anajua uovu anaotaka kuutenda, lakini thumos imeyashinda mashauri yake. Linganisha na Odysseus. Yule alijadiliana na thumos na wakaelewana. Huyu thumos ni nguvu iliyo ndani yake inayomshinda. Kisha Plato, katika Republic, anaigawa nafsi sehemu tatu: inayofikiri, inayotamani, na katikati inayowaka, ambayo jina lake analitoa kwenye thumos. Anamtolea mfano Leontius, aliyekuwa akipanda kutoka Piraeus, bandari ya Athens, akapita karibu na maiti zilizolala kando ya mnyongaji. Alitaka kutazama, akajizuia, akafunika uso, kisha tamaa ikamshinda, akazikimbilia na kuyaambia macho yake: haya, mashetani ninyi, shibeni mandhari haya mazuri. Ile hasira ya mtu dhidi ya tamaa zake mwenyewe ndiyo kazi ambayo Plato anaipa thumos. Kutoka hapo hadi ghadhabu ya Wakolosai njia si ndefu.

Sasa nikuonyeshe mahali nipapendapo kuliko pote katika habari hii yote. Katika kitabu cha 18, Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, amepata habari kwamba rafiki yake Patroclus ameuawa. Mbele ya mama yake anailaani hasira: laiti ingetoweka, hiyo inayomkasirisha hata mwenye busara, tamu kuliko asali inayotiririka, inayokua vifuani mwa watu kama moshi. Neno analotumia ni kholos, na kholos ni jamaa ya khole, nyongo, ileile uliyoisoma katika Mathayo 27:34, divai iliyochanganyika na nyongo. Sikia ukali wa mchanganyiko huo: nyongo iliyo tamu kuliko asali.

Karne nne hivi baadaye mwanafalsafa Aristotle, katika Rhetoric, anaeleza hasira ni nini. Anasema ni hamu ya kulipiza, yenye maumivu, inayotokana na kudharauliwa pasipo haki. Na kwamba ina raha yake pia, kwa sababu mtu anajifurahisha kwa kuwaza kisasi. Ili kuthibitisha raha hiyo anautaja mstari wa Achilles wa asali. Lakini angalia maneno. Kitu anachokieleza anakiita orge. Anapouleta ule mstari anasema "imesemwa vizuri juu ya thumos". Na katika mstari wenyewe Homer alisema kholos. Maneno matatu ya hasira, ukurasa mmoja, yakipokezana kana kwamba ni kitu kimoja. Nyongo imetoweka kabisa. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana kwa Waathene wa karne ya 4 thumos na orge yalikuwa yamekaribiana hivyo, na kholos lilikuwa limebaki kuwa neno la washairi. Ila asali, ilipoondolewa kwenye nyongo, imepoteza nusu ya ladha yake.

Na hiyo orge, neno la kawaida la hasira katika Agano Jipya, ukilitafuta kwa Homer hutalipata. Halimo. Linaonekana kwa Hesiod, mshairi wa zama za karibu na Homer, na pale si hasira bali ni tabia, hulka: anasema mtu mvivu ana orge kama ya nyuki dume wasio na miiba, ambao hakuna anayewasifia ukali. Bado katika karne ya 5 mwanahistoria Thucydides, akieleza vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyowaka katika kisiwa cha Corcyra mwaka 427 KK, anaandika kwamba vita ni mwalimu mkatili, huzifananisha orgai za watu wengi na hali iliyopo. Mfasiri akiweka "hasira" pale anaharibu. Ni tabia za watu, namna walivyo. Katika sura hiyohiyo Thucydides anasema kwamba watu wa miji iliyopasuka walibadilisha hata matumizi ya maneno: ujasiri wa kichaa ukaitwa ushujaa, na tahadhari ikaitwa woga uliovikwa nguo nzuri. Aliyaona maneno ya maadili yakihama mbele ya macho yake, akaandika.

Orge ilipataje kuwa hasira? Kwa Kiswahili tunaijua njia hiyo. Ukisema "yule ana tabia," bila kuongeza neno, kila mtu anaelewa ni tabia ya namna gani. Neno la hulka huelemea upande wa hulka inayosumbua. Kilichoikomaza, kwa maoni yangu, ni mahakama za Athens. Huko wazungumzaji waliwaambia wazee wa baraza waziwazi kwamba ni wajibu wao kumkasirikia mshitakiwa. Hasira ilikuwa sehemu ya hukumu. Orge likawa neno la hasira yenye sababu, inayoweza kutetewa mbele ya watu. Soma tena "orge ya Mungu" kwa Paulo ukikumbuka mahakama, na utaona kwamba neno hilo halikuwa geni mahali pa hukumu.

Menis, neno la kwanza kabisa la Iliad, nitalipita upesi kwa kuwa historia yake ni fupi. Ni hasira ya miungu, na ya Achilles, ambaye kwa sababu hiyo tunajua tangu mstari wa kwanza kwamba si mtu wa kawaida. Baada ya washairi limepungua, na katika Agano Jipya halimo hata mara moja.

Umeniuliza juu ya maneno mawili, lakini siwezi kukuacha bila aidos. Katika Iliad makamanda wanalitumia kama kilio cha vita: "Aidos, Waargos!" Kiswahili kinalipokea bila taabu: "Oneni haya!" Hector, shujaa wa Troy, mke wake anapomsihi asitoke nje ya kuta, anajibu kwamba anawaonea aidos wanaume wa Troy na wanawake wa Troy wenye mavazi marefu. Si hofu ya adui, ni macho ya watu wake mwenyewe. Mwaka 428 KK Euripides anamfanya Phaedra, mke wa Theseus anayempenda mwana wa kambo, aseme kwamba aidos ziko mbili, moja si mbaya na nyingine ni mzigo wa nyumba, na kwamba kama mipaka ingekuwa wazi zisingeandikwa kwa herufi zilezile. Wataalamu wanabishana hadi leo ni zipi hizo mbili. Mimi ninachokiona ni mtu anayesikia neno likipasuka mdomoni mwake. Haya inayokuzuia usitende ubaya, na haya inayokuzuia usiseme kweli ingali mapema: kila aliyelelewa katika nyumba yenye kusitiriana anazijua zote mbili. Kisha neno likazidi kusukumwa pembeni na aiskhune, neno jingine la aibu, hadi Agano Jipya linalitumia kwa uhakika mara moja tu, 1 Timotheo 2:9, katika agizo la mavazi ya wanawake. Biblia yetu imeandika "adabu nzuri". Kutoka kilio cha jemadari hadi vazi la kujisitiri.

Eleos, yaani huruma, imekwenda upande mwingine, imepanuka. Kwa Aristotle huruma ina masharti: unamhurumia aliyepatwa na baya asilostahili, na baya ambalo hata wewe ungeweza kutarajia likufike. Aliyestahili adhabu hahurumiwi. Halafu, kuanzia karne ya 3 KK, Wayahudi wa Misri wakatafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, na wakaliweka eleos mahali pa neno la Kiebrania hesed, ambalo ni fadhili za agano, wema anaoushika Mungu hata kwa asiyestahili. Sharti la Aristotle likavunjika. Yesu anapomnukuu Hosea, "Nataka rehema, wala si sadaka," neno ni eleos, lakini mzigo wake ni wa Kiebrania. Na "Bwana, utuhurumie" ya misa inatoka kwenye kitenzi chake. Kwa mizani ya Aristotle, mwenye dhambi anayekiri kosa lake hana haki ya kuomba kitu hicho.

Najua pia kwamba umefundishwa habari ya agape, kwa kuwa hakuna anayepita chuo chetu chochote cha theolojia bila kuipata: kwamba Wagiriki walikuwa na upendo wa aina nne, na agape ni ule wa kimungu. Naiheshimu nia ya mafundisho hayo, lakini maneno hayakubali. Eros kwa Homer ni hamu yoyote, hata ya chakula. Wageni wakishiba, anasema kwamba wameiondoa eros ya kinywaji na chakula. Agapao katika Kigiriki cha Athens ni kupenda na pia kuridhika na ulichonacho. Nomino agape ni adimu mno kabla ya tafsiri ile ya Maandiko, na katika tafsiri hiyo utaikuta 2 Samweli 13:15, kwa Amnoni aliyemnajisi dada yake Tamari kisha akamchukia kuliko agape aliyokuwa amempenda nayo. Katika Luka 11:43 Mafarisayo wanaagapao viti vya mbele. Phileo, kitenzi kingine cha kupenda, lilikuwa limeshapata kazi ya pili ya kubusu, ndiyo ile ya Yuda katika Marko 14:44, na wapo wataalamu wanaoona kwamba hilo lilimwachia agapao uwanja. Kina cha agape ya 1 Wakorintho 13 hakikuja na neno. Paulo ndiye aliyekitia, mstari kwa mstari: huvumilia, hufadhili, haihusudu.

Umeuliza kwa nini. Sina sababu moja ya kukupa, na mtu akikupa moja usimwamini upesi. Neno lilibadilika kila lilipopewa kazi mpya. Kwa Homer lilikuwa likisimulia kinachoonekana uwanjani. Jukwaani likalazimika kueleza kinachomtokea Medea ndani. Mahakamani likawa hoja. Kwa wanafalsafa likadaiwa fasili. Alexandria likabebeshwa Kiebrania. Hata lile neno la jumla, pathos, limepita njia hiyo. Odysseus aliposema "yatanipata nini?" alitumia kitenzi chenye shina lake, na maana yake ni kupatwa tu. Homer hana neno la jumla la hisia. Aristotle ndiye anayeyakusanya hasira, huruma, hofu na mengineyo chini ya pathe, yale yanayomgeuza mtu katika kuamua kwake. Wastoa, wanafalsafa wa baadaye, wakaja wakayahesabu kuwa maradhi ya nafsi, hata Cicero, mwandishi wa Kirumi, akiwasoma, akajiuliza kama ayaite kwa Kilatini magonjwa au misukosuko, akachagua misukosuko.

Ukirudi kwenye Iliad yako, fanya hivi kwa majuma machache: ukikutana na neno la hisia unalolijua, usiandike maana yake pembeni. Andika mtu anafanya nini katika mstari unaofuata. Anakimbia? Anavimba kifua? Anawatazama waliosimama? Ukishaandika mara ishirini, fungua kamusi.

Na siku utakayorudi kwenye Agano Jipya, fungua Waebrania 12:28 kwa Kigiriki. Ile deos, hofu ya Homer ambayo Prodicus aliitetea, imebaki pale tu katika kitabu kizima, tena katika nakala za kale. Katika nakala nyingi za baadaye haipo. Mahali hapo imeandikwa aidos. Biblia ya Kiswahili tuliyokulia nayo inasema tumtolee Mungu ibada ya kumpendeza, "pamoja na unyenyekevu na kicho".